Gugu Nililolipanda Mwenyewe Kikole

Siku nilipokabidhi baiskeli na funguo za ghala, vijana wa ofisini walinipa kiti cha kukunja, wakaniomba niandike mambo ya kazini ili wapate kujifunza. Nilikaa kwenye kiti hicho siku nne nikifikiri nianzie wapi. Siku ya tano kikavunjika. Kwa hiyo naanza sasa, juu ya mkeka, kabla sijapata sababu nyingine ya kungoja.

Vyeo sitavitaja. Vilikuja polepole, na kimoja nadhani kilikuja kwa kosa la karani. Nitaandika juu ya gugu moja na shamba moja la Kikole, enzi za Mwingereza, nilipokuwa bwana shamba wa majaribio mwenye cheti kipya, kaptula iliyopigwa pasi, na wasiwasi wa kutosha wilaya nzima.

Gugu lenyewe mnalijua. Hutambaa, likikuta bua la mtama hujisokota kulizunguka mpaka juu. Jani lake lina ncha kama ya mkuki na masikio mawili nyuma. Ua lake ni jeupe lenye wekundu kidogo, umbo la tarumbeta. Hufunguka asubuhi, na jua likikaza hujikunja. Katika vitabu vya chuo lina jina refu. Watu wa Kikole waliliita kamba tu, na hapakuwa na sababu yoyote ya kuwasahihisha, ingawa nilijaribu.

Nilipangiwa kituo Kilwa Kivinje. Mimi ni mtoto wa mjini Lindi. Baba yangu alikuwa fundi viatu, na shamba nililolijua vizuri kabla ya chuo lilikuwa bustani ya mchicha nyuma ya choo chetu. Chuoni nilifaulu vizuri, na hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu mtu aliyefaulu vizuri huogopa kuuliza. Kabla ya safari yangu ya kwanza ya kwenda Kikole niliandika kwenye daftari orodha ya mambo yanayoweza kuniharibikia. Yalifika ishirini na saba. La kupanda gugu katika shamba la mjane halikuwamo.

Hata salamu zilinishinda. Aliyenipokea kijijini alikuwa mtu mmoja anaitwa Hamisi, mwenye shamba kubwa la mtama na ufuta. Nilimtazama nikapiga hesabu: amenizidi miaka mitano, au kumi? Nikimwamkia shikamoo naye ni rika langu, nitachekwa. Nisipomwamkia naye ni mkubwa wangu, nitaonekana sina adabu. Nilifikiri muda mrefu mpaka yeye akaanza kutazama nyuma yake aone ninachokitazama. Hatimaye nikasema shikamoo. Akasita kidogo, akaitikia marahaba, na tangu siku hiyo mbele za watu akawa ananiita kijana.

Hamisi ndiye aliyekuwa na shauri. Kaka yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaacha mke, Bi Somoe, na shamba walilolifyeka pamoja, linalopakana na la Hamisi. Sasa kamba ilikuwa imeota pale. Hamisi alimwambia Jumbe, mkuu wa kijiji, kwamba mjane ameshindwa kulitunza shamba, na gugu limeanza kuvuka mpaka kuja kwake. Siku zile palikuwa na amri kwamba shamba lililoachwa kuwa pori Jumbe anaweza kumpa mtu mwingine mwenye nguvu ya kulilima. Mwenye nguvu, kwa maelezo ya Hamisi, alikuwa Hamisi.

Jumbe hakupenda kuamua haraka. Akasema, "Serikali imetuletea mtaalamu. Atuambie yeye kama gugu hili linatibika."

Nilikwenda kuliona shamba. Bi Somoe alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa umri wa mama yangu, amejifunga khanga mbili na hana haraka na mtu. Nilimwamkia bila kufikiri, naye akaitikia bila kufikiri, nikampenda hapohapo.

"Mwanangu," akaniambia, "shamba hili ndilo linalonilisha mimi na wajukuu wawili. Likienda, narudi Likawage kwa kaka yangu, nikapike jikoni kwa wifi yangu mpaka nife. Wewe humjui wifi yangu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa na mwongozo wa chuo, kurasa zilizopigwa chapa na kushonwa kwa uzi, na ukurasa wa nne ulikuwa wazi kabisa: magugu yalimwe kwa kina, yakatwekatwe, yafukiwe, na udongo uinuliwe matuta ili yaoze na kuwa mbolea. Ukurasa ule nilikuwa nimeusoma mara nane na kuupigia mistari kwa penseli ya rangi mbili.

Nilimweleza Bi Somoe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Tunakata vipande?"

"Vidogovidogo."

"Tunafukia kwenye tuta?"

"Ndiyo, mama."

"Halafu tunangoja mvua."

"Hasa."

"Bwana shamba, viazi tunavipanda hivyohivyo."

Ningependa kuwaambia kwamba nilishtuka. Kweli nilitafakari. Nilirudi nilikofikia, nikatafakari mpaka chai ikapoa, na mwisho wa tafakuri yote ile nikafikia uamuzi kwamba kitabu hakiwezi kukosea na mwanamke asiyesoma akapatia. Wenzangu, mtu anaweza kufikiri sana na bado asifikiri.

Tulilima siku sita. Watu wa ujima walikuja, tukakatakata, tukafukia, tukainua matuta yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Nilipima urefu wake kwa kamba ya katani. Siku ya mwisho nilisimama mbele ya Jumbe na watu wote nikatamka, kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi njiani, kwamba baada ya mvua hawataliona tena gugu hili. Hamisi akasema, "Tumekusikia, kijana." Nilidhani ananipongeza.

Mvua zikanyesha vizuri. Baada ya siku kumi na mbili nikapanda baiskeli kwenda kutazama kazi yangu.

Sijawahi kuona matuta yaliyostawi vile. Kila tuta, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, lilikuwa na mstari wa vichipukizi vya kamba, vimepangika, vina afya, kama vimepandwa na mtu mwenye cheti. Pale palipokuwa na shina moja sasa yalikuwapo kumi. Mtama mchanga ambao Bi Somoe aliupanda mvua zilipoanza ulikuwa katikati yake, tayari umekwisha kukamatwa kiunoni.

Bi Somoe alikuwa amekaa mwisho wa shamba juu ya jembe lake lililolala. "Vimeshika vyote," akasema. "Viazi vyangu mimi havijapata kushika vyote."

Usiku sikulala, na asubuhi nikafungua tena mwongozo. Ukurasa wa tano ulianza na neno "isipokuwa". Isipokuwa magugu yenye mizizi ya kutambaa chini kwa chini, ambayo kila kipande cha mzizi huota upya. Hayo yasikatwe kamwe. Ukurasa wa tano nilikuwa sijaufikia, kwa sababu kila nilipomaliza ukurasa wa nne nilirudia ukurasa wa nne.

Wiki iliyofuata Jumbe aliita baraza nyumbani kwake. Hamisi alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Jumbe, mimi simlaumu shemeji yangu. Nguvu hana. Kijana huyu alisimama hapa, serikali nzima katika kaptula moja, akasema gugu litakwisha. Sasa limekuwa mara kumi. Kama serikali imeshindwa, mwanamke mmoja ataweza? Nipeni mimi, nipambane nalo. Shemeji hatakosa chakula kwangu."

Watu wakaguna kukubali. Jumbe akamgeukia Bi Somoe. "Una neno?"

Bi Somoe alitazama mkeka. "Sina, Jumbe."

Nilishangaa. Alikuwa na neno, na neno lenyewe lilikuwa mimi. Baadaye aliniambia kwa nini alinyamaza: angesema ni bwana shamba aliyeharibu, wangemwambia anamsingizia mtu wa serikali kuficha uvivu wake. Lakini pale barazani sikujua hilo. Nilijua tu kwamba ninaweza kukaa kimya, na kwamba nikikaa kimya yeye atafunga mizigo kwenda Likawage.

Nikaanza kufikiri. Nilikuwa katika miezi ya majaribio. Nikikiri, habari itafika Lindi kwa Mwingereza mkubwa wa kilimo, nitafukuzwa, baba yangu atanifundisha kushona soli. Na je, nikikiri vibaya? Nikikiri kwa maneno yasiyofaa? Nilianza kupanga sentensi. Nikaibadilisha. Jumbe alikuwa tayari anakohoa ili atoe hukumu, nami sijapata kitenzi. Nikanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

Jumbe akanitazama. "Unataka kwenda haja?"

"Hapana, Jumbe. Gugu lile nimelipanda mimi."

Jumbe akaacha kukohoa.

"Umelipanda?"

"Kwa matuta."

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika Kivinje. Hamisi alipopata pumzi aliuliza, "Na mbolea ulitia, kijana?" Wakaanza upya. Nilisimama katikati nikieleza juu ya ukurasa wa nne na ukurasa wa tano, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kufuta machozi. Nikamaliza kwa kusema kwamba Bi Somoe alinionya kabla ya jembe la kwanza, nami sikumsikia.

Hapo Jumbe akaacha kucheka. "Alikuonya?"

"Alisema viazi vinapandwa hivyohivyo."

Jumbe alitafuna midomo yake kwa muda. Kisha akasema, "Basi aliyeshindwa si Somoe. Shamba atakaa nalo mpaka mavuno ya mwaka wa pili. Siku hiyo nitakwenda mwenyewe. Nikikuta kamba, analichukua Hamisi, na maneno yamekwisha. Na wewe bwana shamba, kila Jumatatu nataka nisikie umepiga magoti katika shamba lile. Wala si kwa sala."

Nilimwandikia Mwingereza barua ya kurasa tatu kueleza yote. Niliandika nakala nne kabla ya kuridhika na moja. Alijibu kwa maneno mawili: Endelea kung'oa.

Sasa hapa vijana mchukue kalamu, maana haya nilifundishwa na Bi Somoe, na hayamo katika cheti changu.

Kwanza kulitambua. Kamba na kiazi kitamu ni ndugu. Maua yanafanana, na ukivunja shina yote mawili yanatoa utomvu. Jumatatu ya kwanza niling'oa viazi vyake vitatu mfululizo kwa bidii kubwa. "Hicho ni chakula, mwanangu," alisema cha kwanza. Cha pili alisema, "Hicho pia." Cha tatu alinishika mkono. Akanionyesha: kiazi hulala chini kimeridhika, lakini kamba daima inatafuta mtu wa kumkumbatia. Isogezee kijiti, kesho utaikuta imekizunguka. Na chini ya udongo mzizi wa kamba ni mweupe, mwembamba, na huvunjika tak! kama ganda changa la kunde. Ukiisikia sauti hiyo, umeshakosea.

Pili, zana. Jembe ni adui. Idara ilikuwa imenipa uma wa bustani wa meno manne, ambao niliuacha ghalani Kivinje kwa aibu, kwa sababu siku ya kwanza mtu mmoja aliniuliza kama ni wa kuchomea samaki mkubwa. Niliurudia. Udongo ukiwa na unyevu unachoma uma mbali na shina, unainua taratibu, kisha unaufuata mzizi kwa vidole kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro. Usivute kwa nguvu. Mimi nilivuta kwa nguvu mwezi mzima.

Tatu, ulichong'oa usikitupe pembeni. Kitaota pembeni. Bi Somoe alijenga kichanja cha miti, tukawa tunaweka mizizi juu, mbali na ardhi, ikauke mpaka ipukutike mkononi, ndipo tunachoma. Nilimwuliza kama siku tatu za jua zingetosha. Akaokota mzizi mmoja wa siku tatu, akaufukia kwenye kifuu chenye udongo, akaniwekea mlangoni. Uliota. Sikuuliza tena.

La nne ndilo kubwa, nalo ni gumu kwa watu wenye akili nyingi. Huwezi kuimaliza mizizi yote. Mingine iko chini kuliko kimo cha mtu. Unachoweza ni kuinyima chakula. Chakula chake ni jani. Kila wiki, bila kukosa, ng'oa kila chipukizi kabla halijapata majani manne, na usiache ua hata moja lizae mbegu. Mzizi utatoa akiba yake, utatoa tena, mpaka siku moja hauna cha kutoa. Katikati tulipanda maboga na kunde, majani yafunike ardhi, gugu lisione jua.

Misimu miwili nilikwenda Jumatatu zote. Nilikwenda na homa. Nilikwenda siku ya pili ya Idi, nimevaa kanzu, Bi Somoe akanipa khanga kuukuu nijifunge ili nisiichafue, na ndivyo Hamisi alivyonikuta. Sitaandika alichosema. Niliweka daftari la hesabu ya vichipukizi kila wiki, na hesabu iliposhuka nilikuwa na wasiwasi kwamba sioni vizuri, na ilipopanda nilikuwa na wasiwasi kwamba inapanda. Bi Somoe alinishauri nipeleke daftari kichanjani pamoja na mizizi.

Mavuno ya mwaka wa pili yakafika, na Jumbe akaja kama alivyosema. Ilikuwa asubuhi, makusudi, ili kama kuna ua liwe wazi. Hamisi alikuja nyuma yake na jembe begani, akisema anatoka kwake kulima tu, hana nia nyingine. Bi Somoe alikuwa amevaa khanga mpya. Hakuwa amelala, nilijua kwa macho yake, na kwa sababu mimi pia sikulala.

Jumbe alitembea taratibu kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Alifunua majani ya maboga kwa bakora. Alikwenda mpaka mwisho, akarudi. Hakuona kitu. Zilibaki hatua chache kufika mpakani ndipo nilipoliona mimi: chini ya jani la boga, chipukizi moja, majani mawili, urefu wa kidole. Bi Somoe aliliona pia, maana aliacha kuzungumza katikati ya neno.

Jumbe alikuwa amelipita. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Nikafikiri: nikinyamaza nimemdanganya Jumbe aliyeniamini. Nikisema, mwanamke huyu anakwenda kwa wifi yake. Na je, chipukizi moja ni kamba, au ni mwanzo wa kamba? Amri ilisema nini hasa? Wakati bado najadiliana na nafsi yangu, nikasikia mdomo wangu unasema, "Jumbe, lipo moja."

Bi Somoe akafumba macho.

Hamisi ndiye aliyefika wa kwanza. "Si nilisema! Si nilisema mimi!" Akashusha jembe kutoka begani, akalipiga lile chipukizi, pa! Akalipiga tena, pa! Mara ya tatu akageuza udongo juu chini, akaukanyaga.

"Usikate!" Mimi na Bi Somoe tulipiga ukelele pamoja.

Tayari Bi Somoe alikuwa chini, khanga mpya kwenye tope, anamsukuma Hamisi mguu. "Toa mguu, shemeji! Toa, unazamisha vipande!" Nami nikapiga magoti upande wa pili. Tukaanza kuchambua udongo kwa vidole, chembe kwa chembe. Nikapata kipande. Yeye akapata viwili. Tuliviunganisha kiganjani mwake ncha kwa ncha kuona kama vimetimia.

"Havijatimia," nilisema.

"Naona."

Jumbe alikuwa amesimama anatutazama. Baadaye akamgeukia Hamisi. "Na kwako unalifanya hivyohivyo?"

"Hivyohivyo, Jumbe," alisema Hamisi, kifua mbele. "Kila likitokeza nalikatakata. Kila wiki."

Jumbe akainua macho, akatazama ng'ambo ya mpaka. Sisi wengine tulikuwa tumetazama shamba hili kwa misimu miwili hata hatukuwa na jicho la kutazama lile. Mtama wa Hamisi ulikuwa umeinamishwa kila upande, na juu yake, kwa kuwa ilikuwa asubuhi, maua meupe yalikuwa yamefunguka yote, mengi kama nguo zilizoanikwa.

"Kweli," akasema Jumbe. "Naona unavyojitahidi."

Hamisi akatazama, akarudisha jembe begani.

"Shamba ni la Somoe," akasema Jumbe. "Asije mtu kwangu tena na neno hili. Na wewe Hamisi, weka jembe chini, umwombe shemeji yako akufundishe, kama atapata nafasi." Akaondoka na bakora yake.

Nilitaka kumpongeza Bi Somoe. Nilianza kutunga maneno yanayofaa. Lakini yeye hakuwa ameinua kichwa. Mkono wake ulikuwa udongoni mpaka kiwiko.

"Bado kimoja," akasema. "Tafuta."